Jua Linavyomfikia Dagaa

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazogusa jambo moja, nazo ni vitamini D iliyomo ndani ya samaki: inatoka wapi, inakaa wapi, na inatufikiaje sisi walaji. Nimeona ni vyema kuzijibu pamoja. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa majibu ya nyingine mbili yanaitegemea.

Ndugu Mwandishi, salamu kutoka Ng'ambo, Tabora. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi. Huwa nawafundisha wanafunzi kwamba mwili hutengeneza vitamini D pale ngozi inapopata jua, na kwamba samaki ni miongoni mwa vyakula vichache vyenye vitamini hiyo. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza: dagaa anaishi ndani ya maji na anavuliwa usiku, sasa jua anaota saa ngapi? Nilimwahidi kumletea jibu. Naomba unieleze samaki anaipata wapi vitamini hiyo, anaihifadhi katika sehemu gani ya mwili, na kama dagaa hawa wa Kigoma wanaotufikia wakiwa wamekaushwa bado wanakuwa nayo.
*Mwalimu, Tabora*

Mwalimu, mfikishie mwanafunzi wako pongezi zangu, maana ameuliza swali zito kwa maneno machache. Jibu lake ni kwamba samaki walio wengi hawaoti jua ili wapate vitamini D, bali wanaila. Wanaoota jua ni viumbe wengine, wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, na kutoka kwao vitamini hiyo husafiri kwa njia ya kuliwa, mdomo hadi mdomo, mpaka imfikie dagaa, kisha mgebuka, kisha mtu aliyeketi mbele ya ugali wake huko Tabora.

Tuanze na jua lenyewe. Katika mwanga wa jua mna mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni. Sehemu ya mionzi hiyo inapoipiga ngozi ya mwanadamu, hukuta humo kiini kinachofanana sana na kolesteroli na kukigeuza hatua kwa hatua kuwa vitamini D ya aina inayoitwa D3. Sisi tunaoishi nyuzi chache tu kusini mwa ikweta tunaipata mionzi hiyo mwaka mzima, tofauti na watu wa Ulaya ya kaskazini ambao wakati wa baridi jua lao ni hafifu mno kwa kazi hii. Lakini maji hayaipitishi mionzi hiyo kwa urahisi. Hata katika ziwa lenye maji maangavu kama Tanganyika, nguvu yake hupungua haraka kadiri inavyozama, na samaki anayeshinda mchana makumi ya mita chini ya uso wa ziwa hapati chochote cha kutegemea.

Hapo ndipo mwani mdogo unapoingia. Sina maana ya majani ya ziwani yanayonasa kwenye makasia, bali chembechembe hai za kijani ambazo kila moja ni seli moja tu au seli chache, zinazoelea katika maji ya juu kwa sababu haziwezi kuishi bila mwanga. Chembe hizi zina viini vya aina ileile ninayoitaja, na kwa kuwa zinashinda juani kutwa nzima, viini hivyo hugeuka kuwa vitamini D. Mwani huo huliwa na wanyama wadogo wa majini walio jamaa wa uduvi, ambao ukichota maji ya ziwa kwa glasi na kuyaelekeza kwenye mwanga huenda ukawaona kama vidoa vinavyorukaruka. Wanyama hao huwaogopa samaki wanaowinda kwa kuona, kwa hiyo mchana wengi wao hujificha kwenye kina chenye giza na usiku hupanda juu kulisha. Wanapofika juu wanakuta mwani ulioota jua tangu asubuhi. Dagaa huwafuata nyuma, na wavuvi wetu huwafuata dagaa kwa taa.

Kwa hiyo, Mwalimu, dagaa anayevuliwa usiku wa giza amekuja kula jua la mchana. Ndiyo maana wavuvi wa Kigoma hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwani mwanga wa mbalamwezi hutapakaa ziwa zima na taa zao, ziwe karabai za zamani au hizi za betri na sola, hushindwa kuwakusanya dagaa mahali pamoja. Usiku wa giza taa huwavuta wale wanyama wadogo, dagaa huja kuwala, na wavu ulioteremshwa chini yao huinuliwa. Tumbo la dagaa aliyetoka majini saa hiyo mara nyingi limejaa chakula hicho.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 panapozidi kuwa na kina, lakini chini ya takriban mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni ya kumtosha samaki, kwa hiyo msafara huu wote wa kula na kuliwa hufanyika katika tabaka jembamba la juu. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya watu hudhani kwamba samaki wa maji marefu wana vitamini ya namna ya pekee inayotoka kilindini. Chanzo chake ni juu, kwenye mwanga.

Ushahidi upo. Watafiti wa India waliomchunguza perege katika miaka ya 1990 waliona kwamba mwili wake haukuwa na uwezo wa kujitengenezea vitamini D, ilhali mwani na wanyama wadogo aliokuwa akiwala walikuwa nayo. Kinyume cha hapo, mwaka 2015 watafiti wa Australia walionyesha kwamba samaki aina ya trauti, akiangaziwa mwanga wa buluu ambao hupenya majini kuliko urujuanimno, anaweza kutengeneza kiasi fulani katika ngozi yake. Usimwambie basi mwanafunzi kwamba hakuna samaki yeyote anayeweza. Mwambie kwamba walio wengi hutegemea chakula.

Sasa inahifadhiwa wapi? Vitamini D ni rafiki wa mafuta, haina urafiki na maji. Samaki akishakula, nyongo humsaidia kuyavunja mafuta ya chakula, na vitamini hiyo hupita katika ukuta wa utumbo ikiwa imechanganyika nayo, ikaingia kwenye damu na kufika katika ini. Kutoka hapo, kila jamii ya samaki ina desturi yake. Wako ambao huweka karibu mafuta yao yote katika ini. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni samaki aina ya kodi wa bahari baridi za Norwei na Aisilandi, ambaye nyama yake haifikishi hata asilimia 1 ya mafuta huku ini lake likiwa na mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake. Ini hilo ndilo linalokamuliwa mafuta ya samaki yanayouzwa madukani. Wako wengine, kama sadini, salmoni na jamaa zao, ambao huyatawanya mafuta katika nyama yote na kuzunguka matumbo, na kwa samaki wa namna hiyo vitamini D utaikuta hata katika minofu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa ukoo mmoja na sadini.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, fika mwalo wa Kibirizi alfajiri, boti zinapoingia. Mwezi uliopita nilisimama kando ya mama mmoja aliyekuwa akipasua migebuka kwa kisu kifupi kilicholika kwa kunolewa. Alichana tumbo mara moja tu, akaingiza kidole gumba na kutoa vyote vya ndani kwa pamoja: utumbo uliojikunja, kifuko cha nyongo cha kijani alichokishika kwa tahadhari kisipasuke, na ini laini la rangi ya kahawia iliyopauka. Nilimwomba lile ini. Nilipolibinya katikati ya vidole viwili, lilivunjika kama siagi na kuacha utando wa mafuta ambao maji ya ziwa peke yake hayakuuondoa, nikalazimika kuomba sabuni. Ndani ya utando wa namna hiyo ndimo vitamini D inamokaa. Mama yule alinitazama kwa mshangao, kisha akayatupa yaliyobaki kwenye ndoo ya uchafu, na ndege walikuwa wamekwisha kujipanga.

Kuhusu dagaa mkavu, habari ni njema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1922 mtaalamu wa Marekani aitwaye Elmer McCollum na wenzake waliyapasha moto mafuta ya ini la samaki huku wakipitisha hewa ndani yake. Vitamini A iliyokuwamo iliharibika kabisa, lakini mafuta hayo yaliendelea kuponya matege kwa wanyama wa majaribio. Kwa njia hiyo wakatambua kwamba ndani yake mna kitu kingine kinachostahimili zaidi, wakakipa herufi iliyofuata, yaani D, kwa kuwa A, B na C zilikuwa zimekwisha kutumika. Jambo lililoipa vitamini hii jina ndilo linalotupa matumaini juu ya dagaa aliyeanikwa: joto la jua letu halitoshi kuimaliza.

Hata hivyo, kustahimili si kutoharibika kamwe. Mafuta ya dagaa yakikaa muda mrefu katika hewa na mwanga huchacha, na yanapochacha vitamini iliyomo nayo huanza kupotea. Dagaa aliyeanikwa juu ya chanja hukauka upesi kwa sababu hewa humpitia juu na chini, wakati yule aliyemwagwa mchangani wakati wa masika hubaki na unyevu siku mbili tatu, akageuka rangi ya manjano na kutoa harufu kali kooni. Unapochagua sokoni hapo Tabora, mtafute aliye na rangi ya fedha, anayekatika kwa mlio anapokunjwa, kisha ukifika nyumbani umweke kwenye chombo chenye mfuniko mahali penye kivuli. Gunia lililokaa wazi dukani tangu msimu uliopita, hata likiuzwa kwa bei ya chini, limekwisha kupoteza mengi.

Pengine wanafunzi watakuuliza kama kumwanika dagaa juani humwongezea vitamini D, kwa vile uyoga hufanya hivyo. Ni kweli kwamba uyoga, na ninyi watu wa Tabora mnaujua uyoga wa miombo kuliko mtu yeyote, una kiini chake ambacho kikipigwa na jua hugeuka kuwa vitamini D ya aina ya D2, hata baada ya kuchumwa. Kwa samaki usitarajie hivyo. Kiini kile ni kidogo mno katika mwili wake, kwa hiyo dagaa hufika chanjani na akiba aliyoila alipokuwa hai, na kazi yetu ni kuitunza.

Jambo la mwisho kwako ni la jikoni. Watafiti wa Boston waliopima salmoni mwaka 2007 waliona kwamba samaki aliyeokwa alibaki na karibu vitamini D yake yote, ilhali aliyekaangwa katika mafuta ya mimea alipoteza kiasi cha nusu, kwani vitamini hiyo huhamia kwenye mafuta ya kikaangio. Kwa dagaa na migebuka, basi, mchuzi ni bora kuliko kukaanga kwa mafuta mengi yanayomwagwa baadaye. Mchuzi wa mawese au wa karanga una faida nyingine zaidi, kwa sababu mafuta yaliyomo humsaidia mlaji kuifyonza vitamini, na sufuria ikifutwa kwa tonge la mwisho hakuna kilichopotea.

Mpendwa Mwandishi, mimi ni mama wa mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne, naishi Ujiji. Miguu ya mwanangu naiona imepinda, na jirani ananishauri nimpikie ini la sangala kila siku kwa sababu lina vitamini ya mifupa. Je, nifanye hivyo?
*Mama, Ujiji*

Mama, nimeisoma barua yako mara mbili, na ningependa jambo la kwanza kufanya liwe kumpeleka mtoto kliniki wiki hii hii. Watoto wengi wanapoanza kutembea miguu yao huonekana imepinda kidogo kisha hunyooka yenyewe, lakini matege ya kweli nayo yapo, na anayeweza kuyatofautisha ni mhudumu wa afya atakayempima mtoto mwenyewe, amtazame vifundo vya mikono, mbavu na namna anavyokua.

Jirani yako hakukosea aliposema kwamba ini la samaki lina vitamini D. Sangala hula samaki wengine, kwa hiyo akiba iliyokusanywa na wengi huishia kwake. Tatizo ni kwamba ini hilohilo ndilo ghala la vitamini A, na vitamini A ikizidi humdhuru mtoto. Chukua mfano wa mafuta ya ini la kodi, ambayo yamepimwa vizuri: kijiko kikubwa kimoja kina maikrogramu 34 hivi za vitamini D, ambazo ni zaidi ya maradufu ya 15 anazohitaji mtoto wa umri wake kwa siku, lakini pia kina maikrogramu zaidi ya 4,000 za vitamini A, wakati kiwango cha juu kisichopaswa kuvukwa kila siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 ni 600. Kumbuka pia kwamba watoto wetu walio chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita. Kipande kidogo cha ini siku mojamoja katika mlo wa familia hakina neno. Ini la kila siku kwa mtoto mchanga namna hiyo usimpe.

Kitu ambacho kingenifurahisha kukiona kwenye bakuli lake ni dagaa mzima. Matege hayaletwi na upungufu wa vitamini D peke yake. Utafiti uliofanywa Nigeria na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto wengi wenye matege katika nchi ile yenye jua tele walikuwa na upungufu wa kalisi, na walipopewa kalisi walipata nafuu kuliko waliopewa vitamini D pekee. Dagaa wetu anakupa vyote viwili, kwa kuwa analiwa na mifupa yake, na ini lake dogo limo ndani. Mwoshe katika maji mara kadhaa hadi mchanga uishe, mkaushe tena kwa moto mdogo, msage awe unga laini, kisha uutie kijiko kimoja katika uji au katika ndizi zilizopondwa, pamoja na tone la mawese. Usimtoe kichwa wala tumbo ikiwa ni wale wadogo. Wakubwa kidogo ambao matumbo yao huleta uchungu, toa kifuko cha nyongo tu ukiweza. Na mtoto apate jua la asubuhi nje, miguu na mikono ikiwa wazi, badala ya kufungwa mgongoni ndani ya khanga mbili kutwa nzima.

Ndugu, ninafuga perege katika bwawa huku Urambo na ninawalisha pumba za mahindi. Je, samaki wangu wana vitamini D sawa na wa ziwani?
*Mfugaji, Urambo*

Ndugu mfugaji, samaki wako wana kile walichokila. Wale watafiti wa Boston niliowataja hapo juu walikuta salmoni wa kufugwa wana takriban robo tu ya vitamini D iliyokuwamo ndani ya wenzao wa porini, na sababu inaeleweka ukifuata mambo niliyomweleza Mwalimu. Pumba za mahindi hazina vitamini D ya maana. Lakini perege ana bahati, kwa sababu yeye anapenda kula mwani na viumbe vidogo vya majini, na bwawa lako linaweza kumwotesha chakula hicho bure.

Kagua rangi ya maji. Yakiwa maangavu hadi unaona matope ya chini, mwani ni haba na samaki wanaishi kwa pumba peke yake. Tia samadi ya ng'ombe au ya kuku iliyokaa, kidogo kidogo, mpaka maji yawe ya kijani hafifu. Zamisha mkono wako hadi kwenye kiwiko, na vidole vikianza kufifia machoni, mwani umetosha. Yakizidi kuwa mazito kama mlenda, acha samadi, maana usiku mwani mwingi hunyonya oksijeni na utawakuta samaki wamepanda juu alfajiri wakihema. Punguza pia vivuli: kata matawi yaliyoinamia bwawa upande wa mashariki na magharibi ili jua lipige maji kutwa. Na pumba zako uzichanganye na unga wa dagaa, hata wale waliovunjikavunjika ambao wachuuzi wanaoshusha mizigo ya Kigoma stesheni ya Tabora huwauza kwa bei ndogo kwa ajili ya kuku. Ndani ya unga huo mna jua la Tanganyika, na perege wako watalila.